Kwa mdogo wangu anayeomba kusomea maabara

Mdogo wangu,

Rasimu ya barua yako ya maombi nimeisoma. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Kila msimu wa maombi naletewa barua zinazofanana na yako neno kwa neno. "Tangu utotoni napenda sayansi, nataka kuokoa maisha ya watu." Sina ugomvi na maneno hayo. Ila ukifuta "maabara" ukaandika "uuguzi" au "famasia", barua yako inabaki vilevile. Atakayeisoma ni mtu aliyezeekea kwenye hadubini, na swali lake ni moja tu: huyu anaijua kazi anayoiomba?

Wengine huja maabara baada ya kukosa udaktari. Si aibu, na baadhi yao nafanya nao kazi na ni hodari kweli. Lakini kuandika kwamba maabara ni njia yako ya kupitia tu, tena ndani ya barua ya kuomba nafasi ya maabara, hapo umejifungia mlango mwenyewe. Ule mstari ufute leo.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Sampuli ya damu imefika, mashine inatoa majibu: potasiamu iko juu kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo, kalsiamu iko chini mno. Unapiga simu wodini, unaambiwa mgonjwa amekaa kitandani anapiga soga. Asiyefundishwa atatuma majibu hayo hayo. Mtaalamu atashuku kwamba damu ilitiwa kwanza kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, kisha ikamiminwa kwenye nyingine. Ndani ya ile ya zambarau kuna kemikali iitwayo EDTA, inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na yenyewe huwekwa humo kama chumvi ya potasiamu. Ikihamia kidogo tu, kipimo kimoja kinapanda na kingine kinashuka, wala mgonjwa hana habari. Ndiyo maana kuna mpangilio wa tyubu ipi itangulie wakati wa kutoa damu, na ndiyo maana sampuli ile inakataliwa hata kama aliyeichukua atanuna. Na atanuna, nakuhakikishia.

Makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijawekwa kwenye mashine. Jina la mgonjwa mmoja likibandikwa kwenye damu ya mwingine, hakuna mashine itakayokushtua. Mwanasayansi Karl Landsteiner alitangaza makundi ya damu mwaka 1901, lakini hadi leo jina lililokosewa kwenye tyubu linaweza kumfanya mtu aongezewe damu ya kundi lisilo lake, na akafa. Wanaochagua wanafunzi wanajua hili. Wanatafuta mtu anayesoma kibandiko mara mbili bila kuambiwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika upya, omba ruhusa ukakae kwenye maabara ya hospitali hata kwa siku moja. Usiguse kitu. Fika asubuhi mapema uwaone wakipima sampuli za udhibiti, zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Yakitoka nje ya mipaka, hakuna majibu ya mgonjwa yanayotoka mpaka chanzo kijulikane. Ukirudi, andika jambo moja uliloliona kwa macho yako. Aya moja ya namna hiyo naichagua mbele ya kurasa mbili za mapenzi ya sayansi.

Alama yako ya kemia isiyopendeza ieleze kwa sentensi mbili, usilie. Barua ya kukupendekeza iandikwe na mwalimu aliyekuona kwenye vitendo, si yule ndugu yetu mwenye cheo.

Kuna jambo naliona zito kuliko barua yenyewe. Kabla hujalipa ada ya maombi, uliza kama programu hiyo inatambuliwa na chombo kinachosajili wataalamu wa maabara kule unakotaka kufanya kazi. Unaweza kusoma miaka yote, ukavaa joho, kisha ukakataliwa kufanya mtihani wa usajili. Uliza pia mafunzo ya vitendo yanafanyika hospitali gani, na kama nafasi ni ya uhakika au mwanafunzi anajitafutia. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Pima macho kwa upande wa rangi. Kwenye njia ya Gram, ya mwaka 1884, ya kuwatia bakteria rangi ili kuwatambua kwenye hadubini, bakteria wa kundi moja hubaki zambarau na wa jingine huwa wekundu wa waridi, na matibabu hufuata hapo. Ukiwa na shida ya rangi, zungumza na chuo mapema. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo anza sasa; ratiba ya kawaida ya dozi tatu huchukua miezi sita.

Kwenye usaili jiandae kuulizwa: umetuma majibu, kisha umegundua umekosea, utafanya nini? Jibu ni kupiga simu wodini papo hapo, kurekebisha majibu na kuandika taarifa ya kosa. Wanataka kuona kama wewe ni wa kuficha.

Rasimu mpya nitumie kabla hujamwonesha mtu mwingine. Na mwalimu wa kemia mwombe barua wiki hii hii, maana walimu ukiwakimbiza dakika za mwisho wanakuandikia mistari mitatu.

Kaka yako