Mkono ndio uliokuwa tatizo

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi wa upimaji na sijawahi kukuandikia, hata pale mlipoiita theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, “kamera ya watu wa barabara”. Ila makala ya Jumapili iliyopita kuhusu vyombo vya zamani vya vipimo imenishinda. Eti vyombo vya karne ya 18 vilikuwa sahihi kwa sababu mafundi wa enzi hizo walikuwa na macho makali na mikono isiyotetemeka. Si kweli. Mkono ndio uliokuwa tatizo.

Alama za digrii kwenye sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia pembe za nyota na jua, zilikuwa zikichorwa kwa bikari, moja baada ya nyingine. Jesse Ramsden, fundi wa London, aliona kwamba vyombo vya kawaida vya mabaharia haviaminiki ndani ya dakika tano za digrii (digrii moja ina dakika sitini). Utasema dakika tano ni nini? Nahodha anayetafuta longitudo, yaani yuko mashariki au magharibi kiasi gani, kwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota, kosa hilo karibu na ikweta linamtupa kama maili 150 za baharini. Anajiona yuko kilindini, kumbe miamba iko chini ya mkuku. Dawa ya Ramsden haikuwa kutafuta fundi mwenye jicho kali zaidi. Alitengeneza gurudumu lenye meno 2,160 linalosukumwa na skrubu: skrubu ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea dakika kumi, mara sita, digrii moja. Chombo kikilazwa juu ya gurudumu, unakanyaga pedali, skrubu inazunguka, unachora mstari, unakanyaga tena. Bodi ya Longitudo ya Uingereza ikamlipa pauni 615, kwa sharti kwamba aieleze mashine yake wazi na kuwafundisha wengine. Maelezo yakachapishwa mwaka 1777. Mwandishi wenu hana habari.

Na chombo kizuri hakisaidii kikisomwa kihuni. Nikiwa kijana kazini tulipewa theodolaiti ya zamani yenye vernia mbili zinazotazamana, yaani vipimo vidogo vya kusomea sehemu za digrii. Zimewekwa mbili kwa sababu duara halikai katikati sawasawa. Ukisoma zote na kuchukua wastani, kosa hilo linajifuta. Mkuu wangu, njaa inamuuma, akaninyang’anya daftari: “Soma moja, jua linazama.” Tukasoma moja. Jioni hesabu ya pembe ikakataa kufunga, yaani jumla haikufika inavyotakiwa. Badala ya kurudi porini, kosa likagawanywa kidogo kidogo kwenye kila pembe, ramani ikagongwa mhuri, na mpaka leo kule kuna majirani wanashikana mashati kwa mawe ya mpaka yasiyokubaliana na karatasi.

Tabia hiyo hiyo iko sokoni. Mizani ina stika ya ukaguzi, lakini mshale uko kwenye robo kilo kabla nyanya haijawekwa, na ukiuliza unaambiwa, “Mzee, huo ni upepo tu.” Mkulima naye anafungiwa lumbesa, gunia limevaa kilemba, analipwa la gunia moja. Picha za saa za mfukoni mmezipa kurasa mbili. Lumbesa hata aya moja hamna.

Napendekeza mumpe mwandishi wenu bikari, rula na sahani ya shaba ya upana wa inchi 45, kama gurudumu la Ramsden, mumfungie chumbani aigawe kwa mkono sehemu 2,160 zilizo sawa. Asiwashe jiko humo ndani, maana shaba hutanuka kwa joto. Shaba nitanunua mimi, kwa kiinua mgongo changu, kikishatoka.

Mpima ardhi mstaafu,
Morogoro