Wanangu mliochana kadi

London, Mei 2010

Wanangu,

Nimekaa siku tatu kalamu ikiwa mezani, nikiogopa hasira isije ikanitangulia. Leo naandika, na hasira bado ipo. Nivumilieni.

Jumapili mlinialika mkutanoni kwenu, nikaja kwa furaha. Nilikuta mmejaa chumba, wengi wenu nawajua tangu mkibebwa mgongoni. Mmoja wenu, kwa hasira kwamba Liberal Democrats wameunda serikali na Conservatives wa mrengo wa kulia, akatoa kadi yake ya chama hicho, akaichana vipande viwili, kisha vinne. Mkapiga makofi. Mwingine akaapa hatapiga kura tena mpaka anaingia kaburini. Mkapiga makofi tena. Halafu akaingia yule bibi jirani, Mwingereza, ambaye majira yote haya ya kampeni amesambaza vipeperushi vya chama hicho nyumba kwa nyumba na goti lake bovu. Mkamuuliza mbele ya watu: ameiuza nchi kwa bei gani? Niliuona mkono wake ukitetemeka akitafuta mkanda wa mfuko wake. Alitoka bila kuaga. Hakuna aliyeinuka. Nilipofika mlangoni mimi, alikuwa ameshapanda basi.

Niliporudi ndani niliwauliza swali moja: nani kati yenu ameyasoma makubaliano ya hii serikali ya mseto? Mlitazamana. Kijana mmoja akasema anayo kwenye simu, hajayafungua bado. Wanangu, hapo ndipo moyo uliponiuma. Watu wazima wenye akili zao, wengine mna digrii, mnamliza mama wa watu kwa ajili ya karatasi msiyoisoma.

Nayajua machungu yenu, msidhani siyajui. Wengi mliihama Labour, chama kilichokuwa kikitawala, kwa sababu ya vita vya Irak. Tulitembea pamoja ile Februari 15, 2003, baridi ikitukata masikio, na Charles Kennedy, kiongozi wa Liberal Democrats wakati huo, akapanda jukwaani Hyde Park kuipinga vita. Wengine mlihama Labour ilipofuta kiwango cha kodi cha asilimia 10, ikawaumiza wenye kipato kidogo. Mkaona kwa Liberal Democrats kuna nyumba mpya ya wenye mrengo wa kushoto. Mei 6 mkapiga kura, na Mei 12 mkamwona kiongozi wenu Nick Clegg bustanini kwa waziri mkuu, Downing Street, akicheka na David Cameron wa Conservatives. Inauma. Hata Kennedy ameandika gazetini kwamba hakuunga mkono hatua hii.

Lakini tupige hesabu kwanza. Bunge lina viti 650, na wingi ni 326. Conservatives wamepata 306, Labour 258, Liberal Democrats 57. Labour na Liberal Democrats pamoja ni 315. Hawafiki. Ingebidi waokoteze wabunge wa vyama vidogo vya Scotland, vya Wales, vya Ireland ya Kaskazini na yule mmoja wa Green kutoka Brighton, kisha waombe Mungu asiugue mtu. Na wakubwa wa Labour wenyewe, akina John Reid na David Blunkett, walijitokeza hadharani kuupinga mpango huo. Sisemi Clegg amechagua vizuri. Mimi nisingechagua hivyo. Nasema hakuporwa mtu serikali ya kushoto iliyokuwa tayari mezani.

Niliposema kuhusu kuugua sikutania. Machi 28, 1979 nilikuwa mhudumu wa wodi, zamu ya usiku, redio ndogo kwenye dirisha la jikoni. Serikali ya Labour ya waziri mkuu Callaghan ilikuwa imeishi kwa mkataba na Liberals, chama kilichozaa Liberal Democrats, tangu 1977, mkataba ukaisha, na usiku ule ikaja kura ya kutokuwa na imani. Mbunge mmoja wa Labour, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi, na Callaghan akakataa asiletwe Bungeni kwa ambulensi. Matokeo: 311 kwa 310. Kura moja. Muuguzi mkuu aliweka kikombe chini akakaa kimya. Uchaguzi ukafanyika Mei 3. Na mimi, wanangu, mimi niliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi wodini, sikwenda kupiga kura. Nilikuwa na hasira na serikali kwa kubana mishahara yetu. Nilijifungia nyumbani nikaona nimewakomesha. Conservatives walikaa madarakani miaka 18. Nilishuhudia wodi zikifungwa, na wafagizi wenzangu wakipewa barua za kuachishwa ili kazi yao ile ile ipewe kampuni kwa mshahara mdogo zaidi. Hakuna aliyejua kwamba nilisusa. Hakuna aliyekomeka. Kwa hiyo kijana aliyeapa Jumapili asinihesabu miongoni mwa waliopiga makofi.

Sasa tusome, maana mimi nimesoma, kwa miwani na kalamu nyekundu, kurasa zote. Tafuteni sehemu ya elimu ya juu. Mnaikumbuka ile ahadi waliyotia saini wagombea mbele ya wanafunzi, Clegg mwenyewe akapigwa picha ameishika? Ilisema watapiga kura KUPINGA ongezeko lolote la ada ya chuo kikuu katika Bunge hili. Makubaliano yanasema serikali itangoja ripoti ya Lord Browne, anayechunguza ada hizo, na majibu ya serikali yakiwa mabaya kwa Liberal Democrats, wabunge wao wataruhusiwa KUJIZUIA kupiga kura.

Kupinga na kujizuia. Mmeona tofauti? Kwenye maneno ni ndogo, kwenye hesabu ni kubwa. Toa 57 kwenye 650, zinabaki 593. Conservatives wenye 306 wanawazidi wote waliobaki, ada inapanda. Lakini hao 57 wakipinga kama walivyosaini, Conservatives peke yao hawatoshi, haipandi. Mstari mmoja tu huo umebeba mustakabali wa wadogo zenu walioko sekondari, ambao tayari watadaiwa zaidi ya pauni 3,000 kwa kila mwaka wa masomo. Hapo ndipo pa kukasirikia. Hasira yenu ningetamani niione imekaa juu ya mstari huo, kwenye ofisi ya mbunge wenu, siku ya kusikiliza wananchi, nakala ya ahadi mkononi. "Mheshimiwa, hii ni saini yako. Utapinga au utajizuia?" Muulizeni sasa, kabla ripoti haijatoka na kabla hajapata maneno ya kujitetea.

Mengine nayataja tu. Kura ya maoni kuhusu mfumo wa kupiga kura: imeahidiwa, jifunzeni mfumo huo wa kupanga wagombea kwa namba kabla wapinzani wake hawajawafundisha uongo. Watoto kufungwa kwenye vizuizi vya uhamiaji: wameahidi kukomesha, na hilo ni jema, lipongezeni na mdai tarehe. Kikomo cha wahamiaji wa kazi kutoka nje ya Ulaya: kinawahusu ndugu zenu, someni. Kukata pauni bilioni 6 mwaka huu huu, baada ya Liberal Democrats kuzunguka nchi nzima wakisema ni mapema mno: hilo ni geuko, liiteni kwa jina lake. Bajeti ya dharura ni Juni 22, itazameni VAT.

Walioko kwenye vyama vya wafanyakazi vilivyoungana na Labour, na wanalipa mchango wa kisiasa, wana kura ya kumchagua mrithi wa Gordon Brown, aliyejiuzulu uongozi wa Labour. Nina hakika nusu yenu hamkujua. Nani angewaambia? Sisi wazazi tulirudi kutoka kazini tumechoka, tukawafundisha kupenda chama kama mtu anavyopenda timu, wakishinda shangwe, wakishindwa matusi. Hatukuwafundisha mkutano wa tawi unavyokwenda, wala jinsi ya kuandika hoja. Na nchi yenyewe inamtafuta raia mara moja kila miaka minne au mitano, ikimkuta hajui kitu inamcheka. Magazeti yanauza hasira kwa sababu hasira inanunulika. Lawama hiyo si yenu peke yenu, na nawaomba radhi kwa fungu letu.

Wewe uliyechana kadi, mwanangu, nakupenda na ulikuwa na haki ya kuondoka. Lakini Mei 16 wajumbe wa chama chako walikutana Birmingham wakayapitisha makubaliano, na waliopinga walihesabika kwa urahisi. Mkutano ujao watapungua tena kwa mtu mmoja. Kama umeamua kuhama, hama uende mahali penye kikao na kazi. Usihamie kitandani kama mimi 1979.

Jumapili hii nitakuwa chumba kile kile saa nane mchana. Nimetoa nakala 20 za makubaliano, na sehemu ya ada nimeipigia mstari. Kabla ya hapo, nataka wawili kati yenu, na wanajijua, waende kwa yule bibi wamwombe radhi. Waende kwa miguu, wabishe hodi mlangoni, wasitume ujumbe wa simu. Kisha wamwambie anakaribishwa Jumapili, na kiti chake kiwe cha mbele.

Mzee wenu