Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda basi la Nairobi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwenye ile sauti uliyonitumia usiku. Muziki ulikuwa mkubwa nyuma yako na nusu ya maneno sikuyashika. Nilichoambulia ni kwamba wiki ijayo unakwenda Nairobi na dokumentari yako ya muziki wa singeli, kwamba kuna watu wameitaka, na kwamba mkataba unao tayari. Ndiyo maana nimeacha simu nikachukua kalamu. Kwenye simu wewe huniambia "sawa mama" kabla sijafika mwisho wa neno.

Jirani alinionyesha kile kipande ulichokirusha mtandaoni. Nimemwona kijana mwembamba chini ya turubai, maikrofoni kaibana mdomoni, noti alizotunzwa kazikunja katikati ya vidole, na maneno yanamtoka mfululizo hata sijui anavuta pumzi saa ngapi. Dj kainamia laptop iliyowekwa juu ya kreti za soda. Vumbi limepanda, jua la jioni limelipiga. Umekishika vizuri sana mwanangu. Kamera haitikisiki, na kila neno la yule kijana linasikika pamoja na kelele zote za zile spika. Jirani akaniuliza, "Huyu ndiye yule aliyeacha kazi ya benki?" Nikamjibu ndiye, na nilijibu kwa sauti.

Lakini nyuma ya kijana, upande wa kushoto, kuna mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasukwa. Nusu ya kichwa imeshasukwa, nusu nywele zimesimama. Kajifunga khanga kifuani, yuko uani kwake. Kamera ilipompitia akageuza uso na kuivuta khanga juu. Ikapita, halafu ikamrudia.

Yule mama umeongea naye?

Usinijibu kwamba ilikuwa sherehe ya hadhara. Sherehe ilikuwa barabarani, yeye alikuwa uani. Mitaa ya Mburahati huko Dar unaijua kuliko mimi, ua na barabara vimetenganishwa na kipande cha bati tu, na lile bati kwa mwenye nyumba ni ukuta. Wewe umelivuka na kamera. Sasa unataka kuvuka na uso wake mpaka wa Kenya pale Namanga, na baada ya hapo hujui utaonyeshwa wapi.

Mimi nimestaafu nikitoka masjala ya mahakama. Nimeona watu wanaingia na ukweli wote mdomoni, wanashindwa na mtu mwenye karatasi moja yenye sahihi. Kwa hiyo nitakuuliza jambo hilihili mpaka unichoke. Wale vijana, umewaandikisha? Yule dj, umemwandikisha? Wenye nyumba mlizokopa umeme, je? Na yule kijana mwembamba ana umri gani? Mimi nilimtazama shingo, bado ni ya kitoto. Kama hajatimiza miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo ni mtoto, na sahihi yake peke yake haikusaidii chochote. Mtafute mama yake, au bibi, au yeyote anayemlea, ukae naye kwenye mkeka umweleze filamu ni nini, itaonyeshwa wapi, na mwanawe atapata nini. Umweleze mchana, akiwa hana haraka. Usimwendee usiku wa shughuli spika zikiwa zinalia, maana hapo mtu hukubali chochote ili umwondokee.

Na kuna hili ambalo nadhani hujalifikiria. Vigodoro, hizi sherehe za mtaani za kukesha na muziki, viongozi wamevipiga marufuku zaidi ya mara moja, na polisi wakija huwa wanabeba watu na spika. Siku hizi video inapokelewa mahakamani kama ushahidi. Ulichorekodi ni sura za watu, jina la mtaa na spika za mtu fulani zikilia usiku wa manane. Wewe unaona muziki. Afisa akiamua, ataona orodha. Umewaambia hivyo? Ungewaambia, pengine mmoja wao angekuomba umtoe, na ungemtoa.

Sisemi uache. Nataka unielewe vizuri hapo. Zamani niliona ni kelele, lakini ulinikalisha ukanieleza jinsi wanavyoutengeneza ule mdundo: kijana hana studio ya maana, ana kompyuta kuukuu na programu, anachukua kipande cha taarabu au cha mchiriku, ule muziki wa mtaani wa zamani, anakikimbiza mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika, na mchanaji anapanda juu yake bila kuteleza. Ulinieleza habari za Sisso Studios hapohapo Mburahati, na jinsi lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilivyotoa mkusanyiko wa kazi zao mwaka 2017, na jinsi vijana walioitwa wahuni Manzese na Tandale walivyoanza kualikwa kupiga Ulaya. Leo wanasiasa wanaialika singeli kwenye kampeni zao. EFM waliipiga redioni wakati wengine wameinyamazia. Msaga Sumu, mwimbaji wa singeli, anajulikana hata na shangazi yako, ambaye hasikilizi kitu kisichokuwa kaswida. Kwa hiyo naelewa kwa nini umeng'ang'ania kuwa wa kutoka hapahapa ndiye aipige picha, anayejua utani wao na matusi yao na anayecheka mahali panapochekesha. Hilo nakuunga mkono. Lakini ukiwa wa hapahapa deni lako linakuwa kubwa zaidi. Mgeni akikosea huondoka. Wewe utakutana nao sokoni.

Mjomba wako hajakueleza yote. Unajua alipiga kinanda kwenye kundi la mchiriku miaka ya tisini, basi. Kile kinanda kilikuwa Casio ndogo, ya kuchezea watoto, wanaiunganisha na amplifaya na spika za honi mpaka sauti inakwaruza, na hiyo mikwaruzo ndiyo watu waliyoitaka. Ngoma walizirithi kwa Wazaramo. Singeli yako imetoka humo, na ukimpeleka mjomba wako akasimama karibu na zile spika atakuonyesha kwa vidole. Walirekodi kanda usiku mmoja kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani. Mwenye duka akachukua kanda mama, akawapa nauli na hela ya chai, akasema zikiuzwa watakaa waongee. Zikauzwa. Nilikuwa napanda daladala hapa Morogoro nasikia kinanda cha kaka yangu, na kaka yangu siku hiyohiyo amekuja kuniomba hela ya kodi ya chumba. Hakuna karatasi waliyoandikiana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, hii iliyoleta COSOTA, chombo cha hakimiliki, imepitishwa 1999, na hapo kanda zilishakuwa zimechakaa kwenye redio za watu. Alikuja siku moja ofisini na madai yao yameandikwa kwa mkono, anataka yachapwe. Mashine ya chapa ilikuwa ya serikali, na kazi zilikuwa zimejaa mezani. Sijui ile karatasi iliishia wapi. Ukionana naye usiligusie.

Sasa mkataba wako. Binti wa shangazi yako amenisomea na kunitafsiria mstari kwa mstari. Pale palipoandikwa haki zote, duniani kote, kwa muda wote, nilimwambia arudie. Mwanangu, ukisaini kwamba unawakabidhi haki zote za picha na sauti, nawe mwenyewe hujapewa haki hizo na wenye sura na wenye sauti, unauza shamba la jirani. Mnunuzi hana kosa. Ataweka mbele karatasi yako na wewe ndiye utakayetafutwa. Na ndani ya mdundo wa mwanzo wa filamu kuna taarabu. Hata mimi niliitambua, ni sauti ya mwanamke imekimbizwa mpaka imekuwa nyembamba. Mwenye wimbo huo yupo, au warithi wake wapo. Mtaani hakuna anayeuliza. Televisheni watauliza, tamasha watauliza, na swali litakuja kwako, halitakuja kwa dj.

Waombe muda. Kama filamu ni nzuri leo, mwezi ujao haitakuwa imeoza. Waambie unataka kuwapa ruhusa ya kuionyesha kwa miaka mtakayokubaliana, na filamu ibaki yako. Na iandikwe wazi wanamuziki wanapata nini, kiasi gani na lini. Maneno ya "tutawakumbuka" yasiwemo. Usisaini ulikokwenda. Rudi nao mkataba nyumbani, tuutazame kwa Kiswahili.

Kuna mambo mengine madogo. Kibali cha Bodi ya Filamu ulisema unacho; kitoe nakala, halisi kibaki. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa pia. Pale Namanga ukatangaze kamera na vifaa vyote forodhani, uandikiwe namba zake, ili ukirudi usiambiwe umenunua Kenya. Ile diski yenye picha zote usisafiri nayo peke yake. Tengeneza nyingine ulete hapa, nitaifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Na kabla hujawaonyesha watu wa Nairobi, waonyeshe wa Mburahati. Tundika shuka jeupe, azima projekta, wajione. Atakayechukia atasema hapo hapo, na ni afadhali akuseme uso kwa uso.

Hukufika kwenye arobaini ya bibi yako kwa sababu ya kigodoro cha Tandale. Nimekaa nalo, leo nimelisema, yaishe. Ila bibi alikuwa akikuulizia. Alikuwa anamwambia kila anayeingia kwamba mjukuu wake anapiga picha za watu wanaoimba, na wengine walikuwa wanadhani una studio ya pasipoti.

Nimekuwekea karatasi kwenye sanduku. Nimeziandika mwenyewe kwa mkono kisha nikaenda kuzitoa fotokopi stendi. Zimeandikwa Kiswahili chepesi: mimi fulani nimeelezwa, nimeelewa, nakubali nionyeshwe, nakubali hiki na kile sikubali. Pale kwenye "sikubali" nimeacha nafasi kubwa, usiibane. Kuna mahali pa shahidi na mahali pa dole gumba, na pedi ya wino nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki isichafue mchele. Mtu akikataa, mshukuru na uondoke, na picha yake uikate hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Najua itakuuma. Yule mama aliyegeuza uso alishajibu. Wewe unakwenda tu kumsikiliza. Anza naye, mapema asubuhi, na usiende mikono mitupu, chukua hata sukari kilo moja.

Hapa sote wazima. Paa la jikoni linavuja upande wa jiko la mkaa, fundi amesema mabati yasiyopungua manne na mbao moja, mimi nasubiri pensheni iingie. Usitume hela, hiyo ya kwako lipia tafsiri ya mkataba. Mdogo wako amerudi kutoka shule na kikohozi, nimempa tangawizi, kama hakijaisha Ijumaa nitampeleka hospitali. Kuku wawili wameibiwa tena. Mwenye nyumba ya pili amejenga ukuta umeingia kwetu hatua nzima. Nimeshakwenda kwa mjumbe, ameahidi kuja kupima, na vigingi vya zamani nimevipiga picha kwa simu kama ulivyonifundisha, tarehe ionekane.

Sanduku nimelitoa leo na basi la saa nne kutoka Msamvu, litashuka Mbezi. Lina mchele wa Kilombero, ndizi za mlimani ambazo hazijaiva, chupa ya asali na hizo karatasi chini kabisa. Nimelifunga kamba ya kijani. Gharama nimelipa, usikubali wakutoze tena, risiti nimeipiga picha nimekutumia. Unijibu kwa maandishi, majina ya uliokwisha waandikisha na ambao bado, nami nitayaweka kwenye daftari. Na ile sufuria kubwa uliyoondoka nayo Idi, irudishe na basi hilohilo. Mdogo wako ana mahafali mwisho wa mwezi na ya kupikia pilau sina.

Mama yako