Tuachieni balbu za joto, vifaranga wanakufa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ya kusifia balbu za LED nimeisoma yote, na sina ugomvi nayo. Hapa kwangu Kihesa, Iringa, nilishabadilisha zote tano. Zamani nilikuwa na hizi za joto, zenye waya unaowaka ndani, za wati 60, nikiziwasha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku zinakula uniti 45 kwa mwezi. Hizi za sasa ni wati 9, mwanga uleule, na hazifikishi hata uniti 7. Kwa sisi wa tarifu ya D1, tunaouziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya makato ilimradi tusivuke 75 kwa mwezi, hiyo si tofauti ya kuchezea. Ukivuka, bei inapanda zaidi ya mara tatu.

Shida yangu iko bandani.

Mwezi Julai nilileta vifaranga 80 wa siku moja. Usiku wa tatu balbu moja ikaungua, nikamtuma mjukuu dukani akalete ya wati 100. Akarudi na kitu cheupe, kimeandikwa 100W kwa maandishi makubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, 12W. Muuzaji alimwambia, "Mwambie bibi ni ileile, ila hii inabana umeme." Nikaifunga, banda likang'aa, nikaenda kulala na amani yangu. Alfajiri nikakuta upande ule vifaranga wamerundikana kutafuta joto, walio juu wamewalalia walio chini. Nilitoa 17 wamekufa.

Kosa ni langu pia, ningepeleka mkono chini ya ile balbu ningejua. Lakini kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, na aliyewahi kulala Iringa mwezi wa saba anajua hazipatikani bure. Balbu ya zamani inageuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto. Sebuleni huo ni upotevu. Bandani ndiyo kazi yenyewe niliyoinunulia, na mwanga ni nyongeza tu.

Nitaambiwa niweke jiko la mkaa. Jiko kwenye chumba kilichofungwa linaua mtu mzima, sembuse kifaranga. Nitaambiwa ninunue ile taa nyekundu ya maduka ya mifugo. Niliyoonyeshwa mjini ni ya wati 250, na kwa vifaranga wangu 80 ni sawa na kukodi basi kubeba mfuko wa unga. Balbu mbili za wati 100, kuanzia jioni hadi asubuhi, hula kama uniti 50 kwa wiki zote tatu za kuwapasha joto vifaranga. Ukijumlisha na zile 7 za nyumbani, redio na pasi, bado niko chini ya 75. Yaani zile uniti nilizookoa sebuleni ndizo ninazopeleka bandani! Anayeniona mpinga maendeleo apige hesabu hiyo kwanza.

Wenzetu wa Ulaya walianza kuzipiga marufuku balbu hizi Septemba 2009, wakianza na za wati 100. Mwaka uliofuata mhandisi mmoja Mjerumani akaanza kuziuza kwa jina la majiko madogo ya umeme, eti mwanga unatoka kwa bahati mbaya. Forodha wakamzuilia mzigo. Yeye alikuwa akifanya mzaha na sheria. Mimi nikisema balbu ni jiko, sitanii.

Ninachoomba ni vitu viwili. Waagizaji, na wanaopanga viwango, waache nafasi ya balbu za joto kwa wafugaji, hata zikiuzwa kwenye maduka ya pembejeo peke yake. Na boksi la LED liandikwe wati zake halisi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, pamoja na maneno "haifai kupasha joto". Hiyo "100W" ya kulinganisha mwanga ndiyo iliyonigharimu.

Madukani hapa balbu hizo sasa unazitafuta kama dawa. Nimebakiwa na nne, nimezifunga kwenye magazeti yenu ya zamani, ziko juu ya kabati. Vifaranga wengine wanakuja tarehe 20.

Mfugaji wa kuku,
Kihesa, Iringa