Barua kwa mdogo wangu: usizime taa ya barazani

Mdogo wangu,

Jana simu ilikatika kabla sijakujibu na nimelala na maneno yako moyoni, ndo maana naandika, na naandika hapa wazi maana najua dada zetu wengi hapa Des Moines, Iowa, Marekani, wana swali hilohilo. Ulisema siku ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba watoto wanavaa nguo za kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kupewa pipi, utazima taa mlale mapema, hela hakuna, halafu umesikia hapa wanauita Beggars' Night, usiku wa ombaomba, ukasema wanangu wamekulia kwenye foleni ya mgao kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sitaki tena wasimame mlangoni kwa mtu na mfuko mkononi. Nimekuelewa kabisa. Mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo, na mpaka leo nawaona wanangu wamepiga magoti kwenye kochi gizani, wamefunua pazia kidogo tu, wanachungulia wenzao wa darasani wakipita na tochi. Hakuna aliyelia. Bora wangelia.

Ila hapa sio kuomba mdogo wangu. Mwaka 1938 fujo za vijana usiku wa Halloween zilikuwa zimezidi, mji ukaweka utaratibu kwamba mtoto akigonga hodi apewe kitu lakini na yeye alete chake, aimbe, aghani shairi, aoneshe ufundi wowote. Mpaka leo mtoto wa Des Moines hapewi pipi hivihivi, lazima aseme kichekesho kwanza, na mwenye nyumba anakusubiri kabisa useme. Na vichekesho vyao vingi ni vya kuuliza na kujibu, yaani vitendawili! Nani atawaweza wanetu hapo?

Mwaka jana huyu wangu wa pili, miaka saba, alimtegea mzee mmoja mtaa wa nyuma kwa Kiingereza chake: nyumba yangu haina mlango. Mzee akashika kidevu, akafikiri wee, akamwita mkewe atoke jikoni, wote wakashindwa. Mtoto akawaambia siwaambii mpaka mnipe mji. Wakacheka, mji gani? Akasema Des Moines. Wakampa. Ndo akawaambia yai, na yule mama akarudi ndani akatoka na pipi mikono miwili. Sasa kaa na wanao wiki hii uwafundishe vitatu vinne, cha kivuli, cha nanasi, na wewe najua unavyo vingi vya bibi.

Nguo usinunue za dukani. Nilishawahi kutoa dola 28 kwa gauni la malkia, zipu ikafumuka hata hatujatoka nje. Halafu mwisho wa Oktoba Iowa ni baridi, mtoto lazima avae jaketi, na ile nguo ya dukani haipiti juu ya jaketi kwahiyo hela yako yote inafichwa ndani. Chukua shuka, kata, au boksi la diapers lipakwe rangi awe roboti, shati kuukuu la shemeji linatosha kabisa juu ya jaketi. Wa kwangu mkubwa alijifunga kitenge changu na taji la karatasi akawa malkia kweli. Mfuko wa pipi ni foronya, hata watoto wa wenyewe wanabeba foronya.

Boga la kuchonga sura na kuweka mshumaa ndani, moja tu linatosha, mimi nilipata la dola 5. Mkilichonga mbegu msitupe, osha, tia chumvi, kaanga kama za nyumbani. Lile la kuchonga likishakaa nje na mshumaa msilipike, na hata hivyo halina utamu, ukitaka futari chukua yale madogo ya duara ya kutengenezea pai, na tui la kopo.

Za kugawa nunua pakiti moja. Zikiisha ndo uzime taa ya barazani, kila mtu anajua taa ikizimwa wanapita, hakuna atakayekununia. Tarehe uliza kwanza, miaka mingi ilikuwa 30 ila siku hizi wanaweza kuihamishia 31, na ni masaa mawili tu, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Na kabla hawajala zikague pipi zote, hasa za karanga kwa yule wako anayevimba midomo.

Mama mkwe akisema ni mambo ya shetani, mwambie kwa upole hata jina lenyewe limetoka kwenye mkesha wa Watakatifu Wote, anaoujua tangu utoto. Akikataa asitoke, abaki na wewe barazani agawe pipi, atafurahi akiona watoto.

Jumamosi nikitoka shifti nakuja na kisu na makopo mawili ya tui. Wewe tandika maboksi jikoni, na wanao wawe wameshajifunza kusema kitendawili, mimi nitaitikia tega.

Dada yako