Zanzibar hadi London: Kwa Nini Umbali wa Angani Haukwambii Muda wa Safari

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu kukata tiketi ya London huwa wameshatazama kwenye simu na kuona kuwa kutoka Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume hadi Heathrow ni kilomita 7,440 hivi, masafa ambayo ndege kubwa huyamaliza kwa takriban saa 9. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni ya njia fupi kabisa, ambayo msafiri wa kawaida haipiti.

Anayepitia Doha huruka kama kilomita 3,750 hadi huko, kisha nyengine 5,240 hadi London, na jumla inakaribia 9,000. Muda wa angani peke yake hufika saa 13 hivi, kabla ya kuhesabu kusubiri ndege ya pili. Ndege nazo hulazimika kuzunguka: vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, sehemu kubwa ya anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, nayo iko pale pale inapopita njia fupi ya kutoka kwetu kwenda Uingereza.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Ukiondoka Zanzibar 17:00 na kufika London 06:00 ya siku ya pili, utadhani umesafiri saa 13, kumbe wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa 3, na safari imechukua saa 16. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba tofauti hiyo huwa saa 2.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni safari za baada ya saa sita usiku. Tiketi inayosema tarehe 12, 00:40, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo msafiri anatakiwa awe kiwanjani tarehe 11, kiasi cha saa tatu na dakika arubaini usiku. Anayejitayarisha usiku wa tarehe 12 atakuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirejeshewi fedha. Ndiyo maana tunaiandika saa ya kufika kiwanjani kwa kalamu, kwa saa za Kiswahili, juu ya kila tiketi tunayoitoa.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, safari haianzii Unguja. Ndege ndogo kutoka Chake Chake huchukua kama nusu saa, lakini tiketi yake kwa kawaida hukatwa mbali na ile ya ndege kubwa, na ikichelewa, shirika la ndege kubwa halina wajibu wa kukusubiri wala kukubadilishia safari. Anayekuja kwa boti kutoka Mkoani naye hutegemea hali ya bahari, hasa msimu wa kusi. Tunashauri kuvuka siku moja kabla na kulala Unguja, hata kama gharama inaongezeka kidogo. Ukiikosa ndege ya kimataifa, hasara yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo, unapokuja kuulizia bei, tafadhali tueleze kwanza unaanzia mji gani, na siku na saa unayolazimika kuwa umeshafika. Tutaihesabu safari kuanzia mlangoni kwako, kisha ndipo tutakutafutia ndege.