Mlakasa si gugu

Mhariri,

Makala yenu ya bustani imetushauri tupande nyasi hata penye jua kali na mchanga mtupu. Nyasi zilinishinda miaka mitatu, na maji nilimwaga mpaka mgongo ukauma. Nikageukia mlakasa, ule mmea wa ufukweni wenye jani lililopasuka kama ukwato wa mbuzi. Mbegu zake ngumu. Nilizikwangua kwa msasa, nikaziloweka usiku kucha. Leo kila kifundo cha shina lake kinachogusa mchanga kinatoa mizizi. Asubuhi maua ya zambarau yako wazi, mchana yamenywea. (Wageni wangu wa jioni hawaniamini.) Kivulini hauchanui vizuri, na usipoukata utamfuata jirani. Mbona hamkuutaja?

Msomaji wenu wa kila siku